Duara likijaa maji: Simiyu na msimu wa kuchimba

Alfajiri ya Jumamosi, Januari 13, 2024, kundi la vijana lilishuka kuchimba dhahabu Ng'alita, eneo la Ikinabushu wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Mvua kubwa zilikuwa zikiendelea na shughuli zote mahali pale zilikuwa zimezuiwa. Gema likaporomoka juu yao. Taarifa za mwanzo zilisema waliofukiwa walikuwa 19 au 20. Uokoaji ulipofikia mwisho, miili iliyotolewa kwenye kifusi ilikuwa 22. Mkuu wa Wilaya ya Bariadi, Simon Simalenga, alieleza kuwa walikuwa watu wa umri wa kati ya miaka 24 na 38, kwamba dhahabu ilikuwa imegundulika hapo wiki mbili au tatu tu zilizotangulia, na kwamba ofisa madini wa mkoa alikuwa ameshafika na kuwasimamisha.

Kwa hiyo hapakukosekana onyo. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza utabiri wa vuli ya juu ya wastani, mwaka wa El Niño, na redio zikalirudia jina hilo mpaka watoto wakalijua. Desemba 3 mlima Hanang ulishusha tope juu ya Katesh mkoani Manyara, na nchi nzima ikaona kinachotokea ardhi inapokunywa kupita kiasi. Amri ya kufunga Ng'alita ilitolewa. Watu 22 wakafa hivyo hivyo. Tukisema tu kwamba vijana wale walikuwa wakaidi, tutakuwa tumelala. Mkoa huu unahitaji kuyajua maji yake ya chini ya ardhi mwezi kwa mwezi kama unavyoijua mvua, na uchimbaji mdogo unahitaji kuwa na msimu wake, kama pamba ilivyo na msimu wake.

Ili kuyaelewa maji hayo, anzia Nassa, wilayani Busega, mahali ambapo mkoa wa Simiyu unagusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Ni mji mkongwe kwa kipimo cha kanda hii: wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walijenga kituo hapo mwaka 1888, na mwaka 1909 kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Kwenye ukingo wa ziwa, maji ya kisima hayako mbali na kamba. Ziwa lina kina chake, nacho hupanda na kushuka kwa miaka: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, mwaka 2006 likashuka mpaka mitumbwi ikakwama kwenye matope, na Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Nyumba za pwani ya ziwa zikaingiwa na maji kutoka Mwanza hadi Kisumu. Ziwa linapopanda, visima vya kando yake navyo hupanda.

Ukiiacha barabara ya Mwanza na Musoma pale Lamadi ukapinda kuelekea Bariadi, unaingia nchi nyingine ya maji. Huko ziwa halisaidii kitu. Maji ya chini ya ardhi ni ya mvua peke yake. Juu ya vilima kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka. Chini mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kiganja cha mkono, na masika huvimba ukajifunga. Chini ya udongo huo kuna mwamba uliooza, laini kiasi cha kukatwa kwa sururu. Chini zaidi ndipo mwamba mzima ulipo, na huo hautunzi maji ila kwenye nyufa zake. Maji yote ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ukiondoa mabwawa, mabomba na mchanga wa mito, yako kwenye matabaka hayo mawili: lililooza na lililopasuka.

Wanaoyafahamu vizuri kuliko mtu yeyote ni wanawake wanaochimba visima vya mchanga kwenye mito iliyokauka. Mto Simiyu na mto Duma haitiririki mwaka mzima. Mvua zikiisha, mkondo unakatika, kisha madimbwi, kisha unabaki mchanga mweupe. Juni shimo la kiwiko linatosha kujaza ndoo. Agosti mtu anaingia mpaka kiunoni. Oktoba anayechota huingia chini kabisa, kichwa hakionekani, anakinga kwa kata huku mwenzake akipokea ndoo juu, na kila baada ya muda wanasimama kusubiri maji yachuje tena. Mchanga ukianza kuporomoka kutoka ukutani, anatoka. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Halafu matone ya kwanza ya vuli yanaangukia milimani, na siku hiyo hakuna mtu anayebaki ndani ya kisima cha mtoni, hata kama juu yake jua linawaka, kwa sababu maji huja kutoka mbali.

Wachimbaji wa dhahabu ni watoto wa wanawake hao hao. Mkoa mmoja, udongo mmoja, na katika miezi ile ile ya kiangazi mama anachimba akiyafuata maji huku mwanawe anachimba akiyakimbia. Ujuzi wa mmoja haujawahi kuhesabiwa kuwa ujuzi kwa ajili ya mwingine, na hapo naona hasara kubwa.

Si kila uwazi ndani ya ardhi una hatari sawa. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, yamechimbwa na maji yenyewe ndani ya mwamba wa chokaa, kwa muda ambao akili ya mtu haiwezi kuushika. Njia za namna hiyo zimeshapata mizani yake. Kilichokuwa cha kuanguka, kwa sehemu kubwa, kilianguka zamani. Usukumani hakuna chokaa ya hivyo. Kwetu kuna matale, yaani majabali, vichuguu na mbuga. Mapango ya Simiyu ni ya mikono ya watu, yana umri wa miezi, na mwamba bado haujazoea kuwa na uwazi ndani yake.

Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, huanza na mdomo wa mraba ambao mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Kuta za juu, kwenye udongo laini, hushikiliwa na matimba: magogo yaliyopangwa kwa kukingamana, moja juu ya jingine, na nyuma yake huchomekwa matawi au viroba vya kifusi ili udongo usipenye. Mchimbaji hushuka kwa kamba au kwa kukanyaga magogo hayo. Akifika penye mshipa wa dhahabu, shimo halishuki tena. Linapinda na kuufuata mshipa popote unakoelekea, mtu amelala kifudifudi, tochi kichwani, nyundo na moko, yaani patasi, mkononi. Mawe yanarudi juu kwenye viroba. Kila timu inafuata mshipa wake, hakuna ramani, na mara nyingi timu mbili zinajua zimekaribiana kwa kusikia tu kishindo cha nyundo kwenye ukuta.

Ndani ya uwazi huo maji hayaji kwa namna moja. Ya kwanza ni ile kila mtu anayoijua: mvua inanyesha, maji yanakimbia juu ya ardhi, yanaingia mdomoni. Hii ndiyo iliyofanya maafa makubwa kuliko yote katika historia ya wachimbaji wadogo wa Tanzania. Aprili 1998, mwaka mwingine wa El Niño, mafuriko yaliingia kwenye migodi ya tanzanaiti ya Mererani na kuua zaidi ya watu 100. Machi 2008, mahali pale pale, maji yaliingia tena na kuua wengine zaidi ya 60. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mererani, wana jina la njia zinazokutana chini kwa chini: mitobozano. Siku za kawaida mtobozano huleta ugomvi wa nani mwenye mawe. Siku ya mafuriko, maji yaliyoingia duara la juu kilimani hutokea duara la chini, na mtu ambaye mdomo wa shimo lake ni mkavu kabisa anazingirwa kutoka ubavuni.

Namna ya pili ni ya kimya zaidi. Shimo lililoachwa mwaka jana limejaa. Hakuna anayekumbuka liliishia wapi. Timu mpya inakuja na njia yake kutoka upande mwingine, na kati yao unabaki ukuta wa mwamba uliooza. Maji yenye kimo cha mita kumi yanasukuma ukuta huo kwa uzito wa tani kumi katika kila mita moja ya mraba. Dalili huwa zipo. Mwamba uliokuwa mkavu huanza kutoa jasho, matone yanakuwa mchirizi, na maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo maana yake maji yameanza kubeba udongo wa ndani ya ukuta, na mtu mwenye uzoefu akiiona huacha hata nyundo yake.

Namna ya tatu ndiyo inayoua watu ambao walifanya kila jambo wakidhani ni sahihi. Mvua imekatika. Jua limewaka siku mbili, juu pamekauka, vumbi limerudi. Lakini maji yaliyoingia kwenye nyufa za mbuga na kwenye luseni bado yanashuka, na kina cha maji ya chini ya ardhi kinaendelea kupanda wakati anga ni safi. Mwamba uliooza, ukishiba, unakuwa mzito zaidi na wakati huo huo unapoteza mshikamano wake, kwa sababu maji yaliyo kati ya chembe yanazisukuma ziachane. Kisha wenye duara wanaleta pampu. Wanavuta maji usiku kucha kwa haraka, kwa kuwa kila lita ya mafuta ina gharama, na asubuhi chini kunaonekana. Wanashuka. Hawakujua kwamba yale maji yaliyokuwa ndani ya shimo ndiyo yaliyokuwa yakizikandamiza kuta zisianguke. Yameondolewa kwa usiku mmoja, huku ndani ya kuta maji bado yamejaa yakisukuma kuja kwenye uwazi. Wajenzi wa mabwawa ya udongo wanaijua hatari hii vizuri. Bwawa halishushwi maji kwa pupa. Kwenye maduara pupa ndiyo kawaida.

Na pampu yenyewe inaua kwa njia nyingine. Pampu inayonyonya kutoka juu haiwezi kuinua maji kutoka kina kinachozidi mita kumi; uzito wa hewa tunayoivuta hauruhusu, na kwa hali halisi inaishia mita saba au nane. Duara likiwa refu kuliko hapo, wachimbaji wanaishusha pampu ya petroli shimoni kwa kamba na kuiwasha hukohuko. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeshuka kuiangalia anazimika. Anayeshuka kumfuata naye anazimika. Dawa ipo na inajulikana: pampu ya umeme inayozamishwa kwenye maji na kuyasukuma juu, jenereta ikiwa imekaa nje mbali na mdomo. Ni ghali kuliko ile ya petroli, lakini kikundi kimoja kinaweza kuinunua kikaizungusha kwenye maduara kadhaa, na fedha ya mikopo ya wachimbaji ingekuwa na kazi nzuri zaidi hapo kuliko kwenye vitu vingi inakokwenda.

Maji yanaweza pia kumtunza mtu. Oktoba 5, 2015, wachimbaji sita walifukiwa kwenye mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Mmoja alifariki humo. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura, magome ya miti na matone yaliyokuwa yakichuja kutoka juu. Ardhi ya mwisho wa kiangazi iliwapa matone ya kutosha kunywa, na haikuwapa ya kuwazamisha. Sithubutu kufikiria ingekuwaje kama siku hizo 41 zingeanza Machi.

Sasa, kwa nini mtu anashuka Januari mvua ikinyesha?

Mchimbaji wa kawaida hana mshahara. Anakula chakula cha mwenye duara, na malipo yake ni mgao wa viroba siku mawe yakitoka. Duara likifungwa miezi mitatu, mgao haupo na chakula hakipo. Mwenye duara naye amekopa kununulia magogo, kamba na mafuta. Pakiwa ni pahali papya, kama Ng'alita palivyokuwa, kuna jambo la tatu: habari imeshasambaa, watu wanakuja kutoka Geita, Kahama na Mara, na anayeondoka leo akipisha mvua hana hakika ya kukuta nafasi yake akirudi. Juu ya hayo yote kuna bei. Desemba 2023 dhahabu ilikuwa imevuka dola 2,000 kwa aunsi. Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Kila kupanda huko kwa bei kunafanya duara ambalo jana halikustahili hatari, leo listahili.

Zamani kalenda ya shamba ilifanya kazi ya kulinda bila mtu kukusudia. Simiyu ndio mkoa wa pamba. Mbegu huingia ardhini vuli ikishika, Novemba na Desemba, palizi hufuata, mavuno yanaanza karibu na Mei na soko linakwenda hadi kiangazi. Mkulima aliyechimba dhahabu alichimba baada ya kuuza pamba, Julai hadi Oktoba, maji yakiwa chini kabisa, na mvua ilipomrudisha shambani ilimwondoa shimoni. Leo wapo maelfu ambao hawana shamba la kurudia. Uchimbaji umekuwa kazi ya mwaka mzima, ila ardhi imebaki na misimu yake.

Ndiyo maana naona amri ya kufunga, peke yake, haitoshi hata ikiwa sahihi kabisa. Inamwambia mtu asichimbe bila kumwambia afanye nini. Na kuna kazi ya mvua, tena kubwa. Mawe ya dhahabu hayana faida mpaka yapite kwenye karasha, yasagwe, yaoshwe. Uoshaji unataka maji mengi, na kiangazi maji ndiyo yanayokosekana. Wenye mialo, yaani sehemu za kuoshea, hununua kwa boza. Kikundi kinachochimba Juni hadi Oktoba na kurundika mawe yake juu, kisha kikasaga na kuosha kuanzia Novemba, kingekuwa kinatumia kila msimu kwa kile unachotoa. Mtaji wa kusubiri ndio shida, na hilo ni jambo la benki na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kukaa na wachimbaji kulitafutia utaratibu: mawe yaliyopimwa na kuhifadhiwa yanaweza kuwa dhamana ya mkopo wa chakula, kama stakabadhi ghalani inavyofanya kwa korosho na ufuta. Uoshaji huo uwe mbali na mito, maana kinachoingia mto Simiyu kinaishia Ghuba ya Speke, na zebaki inayotumika kunasia dhahabu haipotei ikifika kwenye samaki wa Nassa.

Kwa maduara ambayo yapo kwenye mwamba mgumu na yanaweza kuendelea, kuna mambo yasiyohitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Mdomo uinuliwe kwa tuta la udongo ulioshindiliwa, juu ya usawa wa ardhi, na mfereji uchimbwe upande wa mlimani. Kamba yenye mafundo kila mita iteremshwe asubuhi kabla ya mtu, na kimo cha maji kiandikwe ukutani kwa chaki, tarehe kwa tarehe. Wiki mbili za maandishi hayo zinaonyesha maji yanakwenda wapi kuliko maneno ya mtu yeyote. Maji yakivutwa, kuta zipewe siku za kuchuja kabla ya mtu kushuka. Mashimo yaliyoachwa yafukiwe, au angalau mwelekeo wake uchorwe na ubaki kwa ofisa madini. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria ina kazi ya kufuatilia maji ya ardhini katika kanda hii. Takwimu hizo, zikiunganishwa na utabiri wa TMA, zingemwezesha ofisa madini kusema mapema, Septemba, maeneo gani ya udongo laini yatafungwa vuli ikianza na yatafunguliwa lini. Tarehe ya kufungua ina uzito sawa na tarehe ya kufunga. Mtu akiijua, anaweza kuondoka bila hofu ya kupoteza nafasi yake, hasa kama daftari la kijiji linamtambua kuwa duara ni lake mpaka msimu urudi.

Linabaki swali la nani anasema tokeni. Ofisa madini wa mkoa anahudumia wilaya tano, kutoka Busega hadi Meatu, na mkusanyiko mpya wa wachimbaji unaota kwa siku chache. Alifika Ng'alita, alizuia, akaondoka, kama ambavyo kazi ilimlazimu. Aliyebaki mdomoni mwa duara alfajiri ile alikuwa mchimbaji kama wao, anayelipwa viroba vikitoka na asiyelipwa visipotoka. Kila duara lina mtu wa mdomoni, anayepokea kamba na kuhesabu walioshuka. Huyo ndiye anayeona maji yakibadilika rangi kwenye ndoo, anayesikia matimba yakilia. Apewe mamlaka kwa kanuni zinazoambatana na leseni, ya kutoa watu na kufunga bila kuuliza mwenye mtaji, na mgao wake wa siku hiyo alipwe kamili, kutoka mfuko ambao kila mwenye duara anauchangia viroba vyake wakati wa kiangazi.